Programu moja, simu zote: majibu kwa wanaoanza kutengeneza programu za simu Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukikaribia, maswali huanza kunijia. Kijana wa Newala anataka programu ya kupokelea mzigo ghalani. Binti aliyemaliza chuo hapa Mtwara mjini ana mteja anayeuza samaki Mikindani. Mwingine wa Lindi amepewa kazi na watu wa bodaboda. Wote wanauliza mambo yaleyale: nitumie Flutter au React Native? Lazima niwe na Mac? Laptopu yangu itaweza? Mtandao ukikatika inakuwaje?

Nimeyajibu hapa kwa mpangilio ambao ningependa uufuate kama unaanza kesho asubuhi. Mfano wangu ni mmoja mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndio kazi ninayoifahamu vizuri: programu ya karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) anayepima korosho za wakulima na kuandika kilo za kila mmoja.

Hatua ya 1: Kaone simu zenyewe

Usifungue kompyuta kwanza. Nenda mahali programu itakapotumika, ukae nusu siku, uangalie. Karani amesimama kando ya mizani, jua la Oktoba linapiga kwenye kioo cha simu, vumbi la magunia limetanda, mkono mmoja una simu na mwingine una kalamu. Foleni ya wakulima imefika barabarani. Hapo maandishi membamba ya kijivu juu ya weupe hayasomeki, na kitufe kidogo hakigusiki. Hayo hutayaona ukiwa umekaa chumbani kwako mbele ya feni.

Chukua daftari. Kwa kila simu utakayoikuta andika aina yake, toleo la Android, RAM na nafasi iliyobaki. Vyote vimo kwenye Mipangilio. Mara nyingi utakutana na Tecno, Infinix, itel na Samsung za bei ya chini, na nafasi imemalizwa na video za WhatsApp. Ukiweza kuichomeka simu kwenye laptopu, pitisha amri hii ya adb, kifaa cha Android cha kuongea na simu kwa waya (kwanza washa utatuzi wa USB, nimeueleza Hatua ya 3):

adb shell getprop ro.product.cpu.abi

Jibu likiwa armeabi-v7a, simu hiyo inaendesha mfumo wa biti 32. Likiwa arm64-v8a, ni biti 64. Simu nyingi za RAM ndogo bado ni za biti 32, na usipolijua hilo mapema utampa karani faili ambalo simu yake italikataa kabisa.

Orodha hiyo ibandike ukutani. Maswali mengi yanayofuata yatajibiwa na karatasi hiyo kabla hujamuuliza mtu yeyote.

Hatua ya 2: Chagua chombo, kisha acha kubishana

Hapa ndipo vijana wanapokesha. Nitaeleza kila chombo kinavyofanya kazi, maana ukijua kinavyofanya kazi uamuzi unakuwa mwepesi.

Flutter ni ya Google, lugha yake ni Dart, na toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2018. Yenyewe haiazimi vitufe wala orodha za mfumo wa simu. Inachora kila kitu kwa injini yake. Ndiyo maana unachokiona kwenye Samsung ya Masasi ndicho utakachokiona kwenye iPhone. Gharama yake ni kwamba injini hiyo inasafiri ndani ya programu yako, kwa hiyo hata programu tupu inaanza na MB kadhaa.

React Native ilitolewa na Facebook mwaka 2015. Unaandika JavaScript au TypeScript, nayo inatumia vitufe na orodha za mfumo wenyewe wa simu. Ukiitumia pamoja na Expo, yaani seti ya vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili yake, kazi nyingi za kuchosha za mwanzoni zinaondoka.

Kotlin Multiplatform ya JetBrains ilitangazwa kuwa imara Novemba 2023. Mantiki ya programu, kama hesabu, hifadhidata na mawasiliano na seva, unaiandika mara moja kwa Kotlin, na sura unaweza kuiandika upya kwa kila mfumo. Inamfaa mtu ambaye tayari anaifahamu Android vizuri. Kwa wanaotumia C# ipo .NET MAUI ya Microsoft, iliyokuja badala ya Xamarin. Xamarin yenyewe iliachwa kuhudumiwa Mei 2024, kwa hiyo ukikuta mafunzo yake mtandaoni yapite tu. Halafu kuna njia ya Ionic na Capacitor, ambapo ukurasa wa wavuti unafungwa ndani ya programu. Kwa fomu chache na taarifa za kusoma inatosha.

Mimi nashauri hivi. Kama unaijua JavaScript, chukua React Native na Expo. Usipoteze miezi mitatu kujifunza lugha mpya wakati mteja anasubiri. Kama unaanza kabisa, chukua Flutter, kwa sababu maelezo yake rasmi yamepangwa vizuri na utaona mabadiliko kwenye simu sekunde chache baada ya kuhifadhi faili. Na kama karatasi yako ya ukutani inaonyesha Android tupu, na mteja hana mpango wa iPhone, andika kwa Kotlin ya kawaida. Wapo wanaoona kama ni kurudi nyuma. Mimi naona ni kumheshimu mteja na pesa yake.

Ukishachagua, maliza kazi moja nzima kwa chombo hicho kabla ya kukihama. Kazi zilizokufa mikononi mwa vijana ninaowafahamu zilikufa kwa kuhamahama.

Hatua ya 3: Tayarisha kompyuta bila kumaliza bando

RAM ya GB 8 inatosha kuanzia. Ukiwa na GB 4 utateseka, lakini inawezekana ukiacha vitu viwili: Android Studio kama sehemu ya kuandikia, na emuleta, yaani ile simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta. Andikia kwenye VS Code, na ufanyie majaribio kwenye simu halisi kwa waya wa USB. Kwenye simu nenda sehemu ya kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara 7, mipangilio ya wasanidi itafunguka. Hapo washa utatuzi wa USB. Simu ya majaribio iwe ile dhaifu kuliko zote kwenye orodha yako. Programu ikienda vizuri kwenye itel yenye RAM ya GB 2, kwingine haitakusumbua.

Kwa Flutter, amri ya kwanza baada ya kusakinisha ni flutter doctor. Inakuambia kipi kimekosekana. Isome mstari kwa mstari, usikimbilie kuuliza watu.

Kuhusu bando. Mara ya kwanza unapojenga programu ya Android, Gradle, chombo kinachoijenga, inavuta mamia ya MB: Gradle yenyewe, vifaa vya Android, na maktaba zote ulizoomba, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa tayari na wengine. Ukiwa na bando la siku, linakatika katikati na unadhani umekosea mahali. Nenda sehemu yenye Wi-Fi ya uhakika, jenga mradi mtupu mara moja, uache umalize. Au kama una mwenzio aliyekwisha kupakua, nakili folda yake ya .gradle kwa flashi au diski ya nje (caches na wrapper ndizo muhimu), pamoja na folda ya maktaba za Dart, mkiwa mnatumia matoleo yaleyale. Hapa Mtwara tumekuwa tukifanya hivyo, diski moja inazunguka kwa watu wanne watano. Baada ya hapo usipandishe matoleo ya maktaba ovyo katikati ya mradi, maana kila ukipandisha unapakua upya.

Hatua ya 4: Je, nahitaji Mac?

Kwa Android, hapana. Windows au Linux inatosha.

Kwa iPhone, ndiyo, lazima Mac ipatikane mahali fulani, kwa sababu programu ya iPhone hujengwa kwa Xcode na Xcode haiendeshwi nje ya macOS. Hata hivyo Mac hiyo si lazima iwe yako. Codemagic, EAS Build ya Expo na GitHub Actions zina kompyuta za Mac unazozitumia kwa mbali: unatuma msimbo (code uliyoandika), zinajenga, zinakurudishia programu. Ada ya Apple ya msanidi ni dola 99 kila mwaka. Bado utahitaji iPhone moja ya kweli ya kujaribia, hata ya kuazima.

Mwambie mteja gharama hizo kabla hajasaini chochote. Neno "itafanya kazi kwenye simu zote" likishatoka mdomoni mwako, yeye amelisikia kama ahadi. Mwambie: tunaanza na Android, msimbo tunauandika ukiwa tayari kwa iPhone, na siku ukitaka iPhone gharama yake ni hii.

Hatua ya 5: Jenga kana kwamba mtandao haupo

Kama kuna hatua ambayo ningekuomba uisome mara mbili, ni hii.

Programu nyingi za mafunzoni zimejengwa hivi: mtumiaji anabonyeza Hifadhi, simu inaita seva, seva inajibu, ndipo skrini inabadilika. Mjini inaenda. Ukitoka barabara kuu na kuingia vijijini kwenye uwanda wa Makonde, mnara mmoja unahudumia vijiji kadhaa, na siku ya kupima watu wote wako pamoja ghalani wakiupigania. Na hata mjini hauko salama. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba nchi nzima na nchi jirani. Korosho haziwezi kusubiri waya utengenezwe baharini.

Kwa hiyo geuza mpangilio. Mtumiaji akibonyeza Hifadhi, andika kwanza kwenye hifadhidata iliyomo ndani ya simu. SQLite ndiyo ninayoiamini. Flutter na React Native zote zina maktaba zake. Skrini ijibu papo hapo. Kutuma kwenye seva ni kazi ya pembeni, inayofanyika mtandao ukipatikana.

Sasa nikueleze nilivyojifunza sehemu ngumu. Programu yangu ya kwanza ya ghalani, upande wa Tandahimba, ilikuwa inahifadhi ndani ya simu vizuri tu. Wiki ya pili ya msimu karani akanipigia. Ni mama mtu mzima, nikamwamkia, akaitikia haraka kuliko kawaida yake.

"Marahaba mwanangu. Njoo uone. Huyu mzee kapima mara moja, mashine yako inasema kapima mara mbili."

Nilifika mchana. Kwenye daftari la karatasi, mzee alikuwa na kilo 84. Kwenye mfumo alikuwa na 84 na 84 nyingine, jumla 168. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye gunia lake akisubiri, na alichokisema sijakisahau: "Mimi sitaki kilo za watu." Ghala likikaguliwa na mzigo usilingane na maandishi, angeonekana mwizi yeye. Wakulima wetu wamepunjwa sana kwenye kangomba, ule ulanguzi wa korosho kwa vipimo visivyo rasmi, vipimo wanavilinda kama roho zao, na haki hiyo inakwenda pande zote mbili.

Kilichotokea ni hiki. Simu ilituma kumbukumbu, seva ikaipokea na kuihifadhi, lakini jibu la "nimepokea" likapotea njiani kwa sababu mtandao ulikatika. Simu ikadhani imeshindwa. Dakika chache baadaye ikatuma tena, na seva ikaona ni mzigo mpya. Kosa lilikuwa langu, na dawa yake ni rahisi ukiiweka tangu siku ya kwanza.

Kila kumbukumbu ipewe utambulisho wake ndani ya simu, wakati inapozaliwa, kabla ya kutumwa popote. Tumia UUID, yaani namba ndefu ya kubahatisha isiyojirudia, maktaba zipo kwa kila lugha. Jedwali langu siku hizi linaanza hivi:

CREATE TABLE mizani (
  id TEXT PRIMARY KEY,
  namba_mkulima TEXT NOT NULL,
  gramu INTEGER NOT NULL,
  muda_wa_simu TEXT NOT NULL,
  imetumwa INTEGER NOT NULL DEFAULT 0
);

Upande wa seva, kumbukumbu yenye id ambayo tayari ipo isihesabiwe tena. Kama hifadhidata ya seva ni PostgreSQL, ni suala la kuongeza ON CONFLICT (id) DO NOTHING mwishoni mwa amri ya kuingiza, na seva ijibu "nimepokea" vilevile hata kama ilikuwa nayo. Simu itume mara moja au mara kumi, mzee anabaki na kilo 84.

Tazama tena jedwali hilo. Uzito nimeuweka kwa gramu na kwa namba nzima. Kompyuta ikishika desimali kama 0.1 inashika makadirio, na ukijumlisha mizigo elfu kadhaa utaona visehemu visivyoeleweka vinatokea. Kilo 84.5 iandike 84500, igawanye wakati wa kuonyesha tu. Pesa nazo ziwe shilingi nzima.

Muda pia una mtego. Saa ya simu huwa si sahihi, hasa simu iliyozimika chaji ikawashwa tena. Hifadhi muda wa simu, na seva iongeze muda wake wa kupokea. Vikitofautiana sana utajua pa kuanzia kuuliza.

Makosa ya kuandika yatakuwepo. Karani ataandika 840 badala ya 84. Usimruhusu kufuta wala kubadilisha kumbukumbu ya zamani kimyakimya. Mwekee njia ya kuandika marekebisho, kumbukumbu mpya inayosema ile ya mwanzo imebatilishwa, na nani, na kwa nini. Daftari la karatasi linafanya hivyohivyo: unakata mstari, unaweka sahihi pembeni, namba ya zamani bado inasomeka.

Suala la mwisho la hatua hii ni kutuma kwa nyuma ya pazia. Android ina WorkManager, ambayo unaiambia "tuma mtandao ukipatikana", na iPhone ina utaratibu wake wenye masharti makali zaidi. Lakini simu nyingi za bei nafuu zina vidhibiti vya betri vinavyoua programu zisizo mbele ya macho. Usitegemee hiyo peke yake. Weka juu ya skrini maneno yanayoonekana, "Hazijatumwa: 17", na kitufe kikubwa cha "Tuma sasa". Karani akipanda mahali penye mtandao jioni anabonyeza, anaona 17 inashuka hadi 0, analala kwa amani. Tuma kwa mafungu madogo, ishirini ishirini, ili mtandao ukikatika usianze upya wote.

Jaribu haya kwa mkono. Washa hali ya ndegeni, pima mizigo mitano, zima simu, iwashe, ondoa hali ya ndegeni, kisha ukate data katikati ya kutuma. Rudia mara kumi. Hesabu ikilingana mara zote kumi, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Punguza uzito wa programu

Play Store tangu Agosti 2021 inataka programu mpya ziletwe kama AAB, faili la kifurushi kizima, na kutoka humo kila simu inapewa kile kinachoihusu tu. Lakini huku kwetu programu inasafiri pia kwa WhatsApp na kwa Bluetooth, kwa hiyo utahitaji APK, yaani faili linalosakinishwa moja kwa moja kwenye simu, za kugawa kwa mkono. Kwa Flutter:

flutter build apk --split-per-abi

Utapata faili tofauti, na kila moja ni nyepesi kuliko ile ya pamoja. Usiitupe ya armeabi-v7a. Ndiyo ya zile simu za biti 32 ulizoziandika siku ya kwanza. Picha zibadilishe ziwe WebP, aina za herufi ubaki na moja au mbili, na kila maktaba unayoongeza jiulize kama kweli unaihitaji. Mtu mwenye MB 300 zilizobaki kwenye simu, akitakiwa kuchagua kati ya programu yako na picha za harusi ya dada yake, programu yako inafutwa.

Hatua ya 7: Kiswahili kiwe Kiswahili

Maneno yote ya skrini yaweke kwenye faili la lugha tangu mwanzo, hata kama lugha ni moja tu. Alama ya Kiswahili ni sw.

Shida kubwa ni upatanisho. Vijana wengi wanaandika sentensi kwa kuunga vipande, namba hapa, jina la kitu pale, kitenzi mwishoni. Matokeo yake simu inasema "magunia 1 yamepokelewa", au mbaya zaidi, "mifuko 3 yamepokelewa". Gunia 1 limepokelewa, magunia 3 yamepokelewa. Mfuko 1 umepokelewa, mifuko 3 imepokelewa. Kilo 1 imepokelewa, kilo 3 zimepokelewa. Kiambishi kinabadilika kwa ngeli na kwa idadi, kwa hiyo andika sentensi nzima kwa kila kitu, umoja na wingi, na utumie utaratibu wa umoja na wingi uliomo kwenye maktaba za lugha. Utaratibu huo unakitambua Kiswahili kuwa na hali hizo mbili. Mkulima anayesoma sentensi iliyovunjika anaanza kutilia shaka na namba iliyo ndani yake.

Saa nayo iangalie. Kompyuta inasema 14:30. Karani anasema saa nane na nusu mchana. Kwenye kumbukumbu acha 14:30, ila kwenye skrini ya mtumiaji andika anavyosema yeye, pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Majina usiyalazimishe kugawanyika kuwa jina la kwanza, la kati na la ukoo. Weka sehemu moja pana ya jina kamili, na utambulisho wa kweli uwe namba ya mkulima, maana kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Mohamedi Hamisi watatu. Namba ya simu ipokee kwa namna yoyote anayoiandika, 07, 06, 255 au +255, kisha uihifadhi kwa namna moja.

Hatua ya 8: Malipo

Kwa ufupi. M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa utaziunganisha kupitia seva yako, ama moja kwa moja na kampuni husika au kupitia wakala wa malipo anayeziunganisha zote. Funguo za siri zikae kwenye seva. Ukiziweka ndani ya programu, mtu yeyote mwenye APK anaweza kuzitoa. PIN ya mteja usiiombe kamwe kwenye skrini yako. Na usiamini kwamba pesa imelipwa kwa sababu simu imesema hivyo. Subiri taarifa ya malipo ifike kwenye seva, na uikinge dhidi ya kupokelewa mara mbili kwa njia ileile ya hatua ya 5.

Watu huuliza kama Google watakata asilimia yao. Ukiuza kitu kinachoshikika, kama samaki, korosho au safari ya bodaboda, hutumii mfumo wao wa malipo. Ukiuza kitu cha kidijitali ndani ya programu, kama masomo ya video, sheria zao zinakuhusu, na za Apple vilevile.

Hatua ya 9: Kuweka Play Store

Ada ya kufungua akaunti ni dola 25, unalipa mara moja tu. Panga muda wako vizuri hapa, kwa sababu akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inatakiwa kwanza kufanya majaribio yaliyofungwa (closed testing) na watu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo, kabla ya kuomba kuifungua kwa umma. Nimeona kijana akimwahidi mteja "Jumatatu iko Play Store" bila kulijua hilo. Anza kuwakusanya hao 12 mapema, na wawe makarani wenyewe. Kazi yao itakufaa kuliko ya ndugu na jamaa.

Tangu tarehe 31 Agosti 2025 programu mpya na masasisho yanatakiwa kulenga Android 15, yaani kiwango cha API 35. Kiwango hicho hupandishwa kila mwaka, kwa hiyo mpe mteja bei ya matunzo ya kila mwaka.

Ufunguo wa kutia sahihi programu ndio roho yake. Tumia utaratibu wa Play wa kutunza ufunguo, ambapo ukipoteza ule wako wa kupakilia unaweza kuomba mwingine. Hata hivyo faili la ufunguo na nywila yake viweke sehemu mbili tofauti, mojawapo ikiwa nje ya laptopu yako. Na visikae kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi kwa watu.

Utatakiwa pia kuwa na ukurasa wa sera ya faragha. Usinakili wa mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume inayoisimamia. Jina la mkulima, simu yake na kilo zake ni taarifa zake. Kusanya unachokihitaji tu. Kama huhitaji mahali alipo, usiombe ruhusa ya kujua mahali alipo.

Hatua ya 10: Baada ya kuisambaza

Watu wanaotumia bando dogo hawasasishi programu. Utakuwa na toleo la 1.0 shambani miezi sita baada ya kutoa 1.4. Kwa hiyo kila ujumbe unaotoka kwenye simu ubebe namba ya toleo, na seva iendelee kuyaelewa matoleo ya zamani. Ukitaka kubadilisha jina la sehemu kwenye data, ongeza jipya, la zamani liache mpaka msimu uishe. Kwa React Native, EAS Update inaweza kutuma marekebisho madogo ya JavaScript bila kupitia dukani. CodePush, ambayo bado inatajwa kwenye mafunzo mengi, ilifungwa na Microsoft pamoja na App Center Machi 2025.

Halafu siku ya kwanza ya kazi uwepo. Fika ghalani kabla ya mizani kufunguliwa, salimia wakubwa, kaa nyuma ya karani mahali usipomzibia mwanga. Usimshike mkono kila akisita. Andika alipositia, hapo ndipo skrini yako ina kasoro. Daftari la karatasi liendelee kujazwa sambamba kwa wiki mbili za mwanzo. Jioni mzani ukifungwa, yeye asome jumla ya daftari kwa sauti, wewe usome ya simu. Zikitofautiana hata kwa kilo moja, msiondoke. Shukeni mstari kwa mstari mpaka muione.